Misingi na Vifaa vya Spektroskopia ya Ufyonzaji wa Mwanga: Mfano wa Upimaji wa Floraidi katika Maji ya Bonde la Ufa

Ikisiri

Spektroskopia ya ufyonzaji ni mbinu ya kemia inayotambua dutu na kukadiria kiasi chake kwa kuchunguza mwanga unaopotea unapopita ndani ya sampuli. Mbinu hii ni msingi wa vipimo vingi vya maji, chakula na damu, lakini matokeo yake huwafikia watoa maamuzi yakiwa namba tu. Makala haya yanafafanua misingi ya mbinu hii na vifaa vyake, kisha yanaichambua kupitia mfano mmoja: upimaji wa floraidi katika maji ya Bonde la Ufa. Hoja kuu ni kwamba namba inayosomwa kwenye kifaa ni zao la mlolongo wa ulinganisho, na kwamba katika kipimo cha floraidi kinachotumia rangi, makosa kadhaa ya kawaida huyafanya maji yaonekane salama kuliko yalivyo. Ili msomaji wa taarifa alitambue hilo, Kiswahili kinahitaji istilahi zinazotenganisha mchakato, kipimo na sifa, mambo matatu ambayo mara nyingi hubebeshwa neno moja, ufyonzaji. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi hizo pamoja na mambo ambayo taarifa ya maabara kwa Kiswahili haipaswi kuyaacha.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya hivyo mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Maamuzi haya yana matokeo ambayo hayajajadiliwa vya kutosha. Lugha rasmi haitumiki katika hotuba na itifaki pekee. Hutumika pia katika taarifa za kitaalamu ambazo juu yake fedha hutengwa, miradi huidhinishwa na vyanzo vya maji hufunguliwa au kufungwa.

Mjadala wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili umejikita kwa kiasi kikubwa katika shule na vyuo: mwanafunzi afundishwe kwa lugha gani, na vitabu viandikwe vipi. Mjadala huo ni wa lazima, lakini unamsahau msomaji mwingine. Huyu ni afisa au mshauri wa sera ambaye hakusomea kemia, naye anapokea jedwali la matokeo ya maabara na kutakiwa atoe ushauri ndani ya siku chache. Kwake yeye, swali si jinsi ya kuendesha kifaa. Swali lake ni hili: namba hii imepatikanaje, na inaweza kupotoka kuelekea upande gani?

Makala haya yanajaribu kumjibu msomaji huyo. Sehemu ya pili inaeleza misingi ya ufyonzaji wa mwanga, na ya tatu inaeleza vifaa. Sehemu ya nne inachukua mfano wa floraidi, na ya tano inarejea kwenye lugha ili kuonesha ni wapi hasa istilahi isiyo makini inaweza kuficha kosa la kipimo.

2.0 Misingi ya Ufyonzaji wa Mwanga

2.1 Mwanga na maada

Mwanga unaoonekana kwa macho ni sehemu ndogo ya familia kubwa ya mawimbi ya sumakuumeme. Kila wimbi hutambulishwa kwa urefu wake, yaani umbali kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Urefu huo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Jicho la binadamu huona mawimbi ya takribani nanomita 400 hadi 700. Mawimbi mafupi kuliko hayo ni ya urujuanimno, na marefu zaidi ni ya infraredi.

Nishati ya mwanga huja katika vifungu. Max Planck alilianzisha wazo hilo mwaka 1900, na Albert Einstein akalitumia kuueleza mwanga wenyewe mwaka 1905. Wimbi likiwa fupi, kila kifungu hubeba nishati kubwa. Likiwa refu, hubeba nishati ndogo. Kwa upande wa maada, elektroni zilizo ndani ya atomu na molekuli haziwezi kuwa na nishati ya kiasi chochote. Zimepangwa katika ngazi, na kila atomu au molekuli ina mpangilio wake. Kifungu cha mwanga kikiwa na nishati inayolingana na tofauti kati ya ngazi mbili, kinaweza kufyonzwa, na elektroni ikapanda ngazi. Kisipolingana, hupita.

Hapa ndipo ulipo msingi wa mbinu nzima. Kwa kuwa mpangilio wa ngazi hutofautiana kati ya dutu na dutu, mawimbi yanayofyonzwa nayo hutofautiana. Orodha ya mawimbi pamoja na kiasi kinachofyonzwa katika kila moja huitwa spektra ya ufyonzaji, na spektra hiyo hufanya kazi kama alama ya kidole. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, alichora ramani ya mamia ya mistari myeusi katika spektra ya mwanga wa jua. Maana ya mistari hiyo ilifahamika kuanzia mwaka 1859, wakati Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg, walipoonesha kwamba kila elementi ina mistari yake, na kwamba mistari myeusi ya jua ni mwanga uliofyonzwa na elementi zilizo katika angahewa ya jua lenyewe.

2.2 Rangi ni mwanga uliobaki

Mzungumzaji wa Kiswahili husema kwamba jani lina rangi ya kijani na kwamba maji yenye pamanganeti ya potasiamu yana rangi ya zambarau. Kitenzi cha umilikaji kinaipa rangi sura ya mali iliyohifadhiwa ndani ya kitu. Kwa mtazamo wa spektroskopia, mambo ni kinyume. Klorofili ya jani hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu; kijani ni kile ambacho jani halikukichukua. Mmumunyo wa pamanganeti hufyonza zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 525. Mwekundu na buluu iliyopita ndiyo inayoliambia jicho kwamba pale kuna zambarau.

Jambo hili lina athari ya moja kwa moja katika maabara. Anayetaka kupima pamanganeti hachagui mwanga wa zambarau unaofanana na sampuli. Anachagua wa kijani ambao sampuli inaufyonza. Pia majina ya rangi hayatoshi kubeba kazi ya upimaji. Kijani limetokana na jani, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lake. Majina hayo yanatosha kabisa sokoni na shambani, lakini maabara mbili haziwezi kulinganisha matokeo kwa kuambiana kwamba zimetumia mwanga wa kijani. Zinahitaji namba ya urefu wa wimbi.

2.3 Kanuni ya Bouguer, Lambert na Beer

Kutambua dutu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kiasi chake, na hapo ndipo inapoingia kanuni iliyojengwa kwa zaidi ya karne moja. Pierre Bouguer wa Ufaransa aliianza mwaka 1729, Johann Heinrich Lambert akaiandika kihisabati mwaka 1760, na August Beer akaihusisha na ukolezi wa mimumunyo mwaka 1852.

Chukulia kioo cha rangi kinachopitisha nusu ya mwanga unaokifikia. Kioo cha pili kama hicho kikiwekwa nyuma ya cha kwanza, hakiondoi nusu nyingine yote na kuacha giza. Kinaondoa nusu ya kilichobaki. Baada ya vioo viwili hubaki asilimia 25 ya mwanga wa awali. Baada ya vitatu, asilimia 12.5. Mwanga unapungua kwa uwiano uleule katika kila hatua, wala si kwa kiasi kilekile. Kuongeza ukolezi wa dutu katika mmumunyo kuna athari sawa na kuongeza idadi ya vioo, kwa sababu mwanga hukutana na molekuli nyingi zaidi njiani.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya mwanga iliyopita, ambayo makala haya yanaiita uwiano wa mpito, haipungui kwa mstari ulionyooka ukolezi unapoongezeka. Ili kupata mstari ulionyooka, wanakemia hutumia logarithimu ya uwiano huo na kuigeuza alama. Kipimo kinachopatikana kinaitwa hapa mfyonzo. Mwanga wote ukipita, mfyonzo ni 0. Ikipita nusu, mfyonzo ni karibu 0.30; ikipita asilimia 10, ni 1; ikipita asilimia 1, ni 2. Kanuni inasema kwamba mfyonzo ni zao la mambo matatu: uwezo wa molekuli husika kufyonza katika urefu fulani wa wimbi, umbali ambao mwanga unasafiri ndani ya mmumunyo, na ukolezi. Mawili ya kwanza yakidhibitiwa, la tatu hujulikana.

Kanuni hii ina masharti. Mwanga uwe wa wimbi moja au wa mawimbi yanayokaribiana sana. Mmumunyo usiwe mkolevu kupita kiasi, kwa kuwa molekuli zilizosongamana huathiriana. Aidha, mmumunyo uwe mwangavu. Ukiwa na chembe za udongo, chembe hizo hutawanya mwanga pembeni, na mwanga uliotawanywa haufiki kwenye kitambuzi. Kifaa hakina namna ya kujua kama mwanga umefyonzwa au umetawanywa. Chenyewe huhesabu tu kwamba haukufika.

3.0 Vifaa

Kifaa kinachopima ufyonzaji kwa urefu wa wimbi uliochaguliwa huitwa spektrofotomita. Hata vifaa vinapotofautiana kwa bei na ukubwa, muundo wake hurudi kwenye viungo vitano.

Cha kwanza ni chanzo cha mwanga. Kwa mwanga unaoonekana hutumika taa ya tangsteni. Kwa urujuanimno hutumika taa ya deuteri. Taa inahitaji muda wa kupata joto kabla haijatulia, na umeme unaopanda na kushuka huubadilisha mwanga wake. Hili ni jambo la kuzingatiwa popote umeme usipotabirika.

Cha pili ni kichagua mawimbi. Katika vifaa rahisi ni kichujio cha rangi. Katika vifaa kamili ni prizimu, au bamba lenye mistari myembamba mingi sana iliyochongwa sambamba, ambalo huutawanya mwanga katika rangi zake. Kisha mwanya mwembamba huruhusu sehemu ndogo tu ya rangi hizo ipite. Mwanya ukiwa mpana, mwanga mwingi hupita lakini ubainifu wa mawimbi hupungua.

Cha tatu ni kyuveti, yaani kichupa chenye kuta bapa kinachobeba sampuli. Upana wake wa ndani kwa kawaida ni sentimita 1, na ndio umbali unaotajwa katika kanuni. Kyuveti ya kioo inafaa kwa mwanga unaoonekana. Kwa urujuanimno hutumika ya kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida chenyewe hufyonza mawimbi hayo. Alama ya kidole au mkwaruzo kwenye ukuta wa kyuveti hupunguza mwanga na kuhesabiwa kama mfyonzo.

Cha nne ni kitambuzi kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Cha tano ni sehemu ya kusomea, ambayo leo mara nyingi huonesha moja kwa moja ukolezi kwa miligramu kwa lita. Urahisi huu una gharama yake. Kifaa kinachoonesha ukolezi kimeshapiga hesabu kwa kutumia grafu iliyohifadhiwa ndani yake, na msomaji haoni tena mfyonzo wenyewe wala grafu hiyo.

Kabla ya sampuli kupimwa, kifaa husawazishwa kwa sampuli tupu, yaani mmumunyo wenye kila kitu isipokuwa dutu inayotafutwa. Kisha hupimwa mimumunyo rejea ambayo ukolezi wake unajulikana, na matokeo yake huchorwa kuwa grafu. Sampuli husomwa dhidi ya grafu hiyo. Baadhi ya vifaa hugawa mwanga katika njia mbili ili sampuli na sampuli tupu zilinganishwe kwa wakati mmoja, na hivyo kupunguza athari ya taa isiyotulia.

Historia ya vifaa hivi inaonesha kasi ya mabadiliko yaliyoletwa. Kabla ya spektrofotomita ya Beckman DU kutoka Marekani mwaka 1941, kiasi cha vitamini A katika mafuta ya ini la samaki kilikadiriwa kwa kuwalisha panya na kusubiri kwa wiki kadhaa. Kifaa hicho kilipunguza kazi hiyo hadi dakika chache. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alichapisha misingi ya spektroskopia ya ufyonzaji wa atomu, ambamo sampuli hugeuzwa kuwa mvuke wa atomu ndani ya mwali wa moto. Mbinu hiyo ndiyo iliyorahisisha upimaji wa metali kama risasi na zinki. Leo, katika upande mwingine wa mizani, kuna vifaa vya mkononi vyenye taa ndogo na betri vinavyobebwa hadi kisimani.

4.0 Mfano wa Floraidi katika Maji ya Bonde la Ufa

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi katika maji ya ardhini na ya mito. Maeneo yanayozunguka milima ya Meru na Kilimanjaro nchini Tanzania, eneo la Nakuru nchini Kenya, na Bonde la Ufa la Ethiopia yanafahamika kwa tatizo hili. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kuzingatia uhaba wa vyanzo mbadala, iliruhusu kwa miaka mingi kikomo cha muda cha miligramu 4, kabla ya kufuata kile cha 1.5.

Floraidi haina rangi, wala ioni yake haifyonzi mwanga unaoonekana. Ili ipimwe kwa mwanga, lazima iguse kitu chenye rangi. Mbinu inayotumika sana hutumia zirkoni iliyofungamana na rangi nyekundu iitwayo SPADNS. Floraidi inapoongezwa, huinyakua zirkoni na kuunda nayo muungano usio na rangi, na wekundu wa mmumunyo hufifia. Kufifia huko hupimwa karibu na nanomita 570.

Matokeo yake ni kwamba grafu ya kipimo hiki huteremka. Mfyonzo mkubwa maana yake ni floraidi kidogo. Mfyonzo mdogo maana yake ni floraidi nyingi. Ni kinyume cha kipimo cha chuma, kwa mfano, ambacho hutumia fenanthrolini: huko chuma kikiongezeka, rangi ya machungwa hukolea na mfyonzo wa karibu na nanomita 510 hupanda.

Mteremko huu ndio unaoamua makosa yaelekee wapi. Maji ya kisima yakiwa na tope, chembe zake hutawanya mwanga na kuongeza mfyonzo. Katika kipimo cha chuma, kosa hilo huongeza kiasi cha chuma kinachosomwa. Mamlaka inaweza kuchukua tahadhari isiyohitajika, lakini hakuna anayedhurika kwa kunywa. Katika kipimo cha floraidi, kosa hilohilo hupunguza kiasi kinachosomwa. Alama ya kidole kwenye kyuveti ya sampuli hufanya vivyo hivyo. Maji yenye floraidi iliyozidi kikomo yanaweza kusomeka kuwa yako ndani ya kikomo.

Alumini huleta kosa la namna nyingine lenye mwelekeo uleule. Alumini huifunga floraidi kwa nguvu, hivyo floraidi hiyo haibaki huru kuigusa zirkoni, rangi haififii inavyopaswa, na namba husomeka chini. Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo hili kwa sababu mojawapo ya njia za kuondoa floraidi, ile ya Nalgonda iliyobuniwa India, hutumia shabu, yaani chumvi ya alumini, pamoja na chokaa. Mabaki ya shabu yakisalia katika maji yaliyosafishwa, njia ya usafishaji yenyewe huchafua kipimo kinachotumika kuthibitisha kwamba usafishaji umefaulu. Dalili moja ya tatizo hili ni kwamba usomaji ukirudiwa baada ya dakika 15, namba ya floraidi huwa imepanda. Usafishaji kwa mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha na katika eneo la Nakuru, hauna sababu ya kuleta alumini kwa njia hiyo, lakini maji yake nayo yanaweza kuwa na mambo mengine yanayohitaji kuangaliwa.

Si makosa yote yanayoelekea chini. Klorini huichubua rangi ya SPADNS na kuifanya floraidi isomeke juu, na ndiyo maana huondolewa kwa kemikali kabla ya kupima. Hata hivyo mshauri wa sera anapaswa kujua kwamba tope, kyuveti chafu na alumini, mambo matatu ambayo si nadra katika miradi ya maji, yote hulisukuma jibu upande wa faraja.

Kuna pia suala la upeo. Kipimo hiki hufuata mstari ulionyooka hadi karibu miligramu 1.4 kwa lita. Maji ya maeneo mengi yaliyotajwa yana zaidi ya hapo, kwa hiyo lazima yazimuliwe kwanza. Sampuli iliyozimuliwa mara tano ikisomeka 1.2, jibu ni miligramu 6 kwa lita. Lakini kosa la 0.1 katika usomaji huo nalo huzidishwa mara tano na kuwa 0.5. Taarifa isiyotaja kuzimuliwa inaficha ukubwa wa shaka hiyo.

Njia za kujikinga zipo. Sampuli inaweza kuchujwa ili kuondoa tope. Inaweza kukenekwa ili floraidi itenganishwe na alumini na vizuizi vingine. Inaweza pia kupimwa kwa elektrodi ya floraidi, ambayo haitegemei rangi kabisa. Kila njia ina gharama, na uamuzi wa kuilipia au kutoilipia ni wa kisera, si wa kemia peke yake.

Tatizo la kosa lenye mwelekeo si la floraidi pekee. Kifaa kinachobanwa kwenye kidole hospitalini ili kupima oksijeni katika damu hufanya kazi kwa ufyonzaji, kikilinganisha mwanga wa takribani nanomita 660 na wa 940. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho hakikuugundua ulitokea kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa Weupe. Hapo pia kosa lilielekea upande wa faraja, na namba iliyosomwa haikutoa ishara yoyote ya hilo.

5.0 Istilahi na Usomaji wa Taarifa

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribia dhana inayojadiliwa: kunyonya, kufyonza na kusharabu. Katika matumizi ya kila siku vyote vinahusu kimiminika kinachoingia ndani ya kitu na kubaki humo. Sifongo iliyofyonza maji ikikamuliwa, hutoa maji yaleyale. Mwanga uliofyonzwa hauko hivyo; nishati yake aghalabu hugeuka kuwa joto, na wimbi lenyewe halipo tena. Tofauti hii haizuii neno kufyonza kutumika, kwa kuwa kila istilahi huanza kama sitiari, lakini mwandishi wa maelezo ana wajibu wa kuitaja.

Tatizo kubwa zaidi ni neno ufyonzaji kutumiwa kwa maana tatu: tendo la molekuli kuchukua mwanga, kiasi kinachosomwa kwenye kifaa, na uwezo wa kudumu wa dutu fulani kufyonza. Sentensi kama "ufyonzaji wa sampuli ulikuwa mkubwa" haielezi ipi kati ya hizo inakusudiwa. Katika kipimo cha floraidi utata huo unaweza kuleta madhara, kwa sababu msomaji asiye mwanakemia ataelewa kwamba sampuli ina floraidi nyingi, hali ukweli ni kinyume.

Mofolojia ya Kiswahili tayari ina njia ya kutenganisha dhana hizi. Lugha hutofautisha ushonaji na mshono, upimaji na kipimo, usomaji na somo: neno la kwanza katika kila jozi hutaja tendo, la pili hutaja zao lake. Kwa mkondo huohuo, ufyonzaji unaweza kubaki kuwa jina la tendo, na mfyonzo ukawa jina la kiasi kinachosomwa. Uwezo wa dutu unaweza kutajwa kwa kirai kilicho wazi, uwezo wa kufyonza, bila kulazimisha neno moja. Vilevile ufyonzaji utenganishwe na utawanyaji, kwa kuwa kifaa hakivitenganishi; kazi hiyo imeachiwa binadamu na lugha yake.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, iliweka msingi wa istilahi za masomo hayo. Hatua inayofuata ni kuzijaribu istilahi katika taarifa halisi. Istilahi ya spektroskopia haijakamilika kwa kuingizwa katika orodha. Inakamilika pale afisa wa maji katika nchi moja anapoisoma taarifa iliyoandikwa katika nchi jirani na kufikia uamuzi uleule ambao mwandishi wake angeufikia.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba spektroskopia ya ufyonzaji haisomi kiasi cha dutu moja kwa moja. Inalinganisha mwanga ulioingia na uliotoka, sampuli na sampuli tupu, kisha mfyonzo na grafu rejea. Kila kiungo katika mlolongo huo kinaweza kupotoka, na mfano wa floraidi umebainisha kwamba upotofu una mwelekeo unaoweza kujulikana mapema.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwanza kwamba taarifa ya kipimo cha mwanga inayoandikwa kwa Kiswahili itaje jina la mbinu, urefu wa wimbi, upeo wa grafu rejea, iwapo sampuli ilizimuliwa na kwa kiasi gani, iwapo ilichujwa au kukenekwa, na kadirio la shaka. Pili, itaje kwa sentensi moja iwapo mfyonzo hupanda au hushuka dutu inapoongezeka. Tatu, kwa maji yaliyosafishwa kwa shabu, kipimo cha floraidi kwa SPADNS kisikubaliwe peke yake pale jibu linapokaribia kikomo. Kithibitishwe kwa elektrodi au kwa sampuli iliyokenekwa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iwakutanishe wanaisimu, wanakemia wa maabara za maji na watumiaji wa taarifa hizo, ili istilahi za upimaji zisanifiwe kwa kuanzia na mahitaji ya msomaji wa taarifa.

Mapendekezo hayo hayahitaji kusubiri sera mpya ya lugha ya kufundishia. Fomu ya matokeo yenye mistari michache zaidi inatosha kuanzia, na mstari wa kwanza kuongezwa uwe ule unaomwambia msomaji kwamba, katika kipimo hiki, rangi inayofifia ndiyo ya kuogopwa.